Mashine Iliyosoma Saa ya Kinshasa

Kasungami, Lubumbashi
Siku ya Watakatifu Wote, mwaka wa kumi na nne tangu tukimbie Lukafu

Mama Mwadi,

Tangu misa nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Kesho ni siku ya marehemu, wengine watakuja makaburini na maua. Mimi nataka kukupa kwanza habari ya mashine, maana najua ungeniuliza hiyo kabla ya kuniuliza kama ninakula.

Bado nakuita Mama. Ulirithi jina la mama yangu, nawe binti yangu sikuwahi kukuita vingine. Siku hizi nikisema "Mama" peke yangu uani, majirani wanachungulia.

Majuma machache baada ya mazishi yako, kompyuta ya kituo cha afya, ile uliyoingizia majina ya wagonjwa wote, ilianza kuzimika yenyewe. Ilikuwa inazimika baada ya kazi, chumba cha nyuma inamokaa kikiwa kimefungwa, hivyo hakuna aliyejua ni saa ngapi. Kila asubuhi Mama Agnès, muuguzi mkuu, aliikuta kimya, na ikiwashwa ilijikagua hadi karibu adhuhuri. Akina mama walikaa kwenye benchi na watoto wenye homa, wengine wakakata tamaa wakaenda. Ndipo Mama Agnès akanijia. "Papa, weye ulikuwa unamusaidia Mwadi. Jaribu." Nilikusaidia nini mimi? Nilikushikia taa, nikakusomea kwa sauti uliyotaka kuandika, nawe ukanicheka kwamba nasoma kama padri: "Papa, unasoma sawa uko ku altare."

Nilikwenda. Nilikuwa pia natafuta kisingizio. Kalenga, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa akipiga simu kutoka Lukafu akinisihi nirudi: "Baba mukubwa, huku kumetulia. Shamba yako iko palepale. Rudia mbele ya mvua." Nilimjibu kwamba nikimaliza kazi ya mashine nitapanda kamio ya kwanza, lori lolote la kwenda huko. Na mfuko wangu unaujua. Tangu tufike hapa umekaa kando ya mlango, umefungwa.

Nilianza na ile huduma inayoandika yenyewe kila kinachotokea ndani ya mashine: nani ameingia, nini kimekataa, nini kimesimama. Nikakuta inaandika kwenye kumbukumbu ya muda tu. Mashine ikizimika, yote yanafutika. Kila ikiwashwa inaamka kama mtu asiyetoka popote. Nikwambie ukweli, kabla sijatafuta sababu ya kuzimika nilitafuta jina lako. Miezi yote ile uliyoingia na kutoka humo. Hakuna mstari hata mmoja.

Nilitoka nje nikazunguka kituo mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Niliporudi nilifungua faili ya mipangilio. Nikaondoa alama ya dièse, ile # uliyonionyesha kwamba inafanya mashine isisome mstari, mbele ya mstari wa hifadhi, nikaamuru iandike kwenye diski, idumu, kisha nikaiwasha upya huduma. Halafu ikaniuliza, kwa namna yake, ikumbuke kiasi gani. Ningeweza kuiambia ikumbuke yote. Mkono ulikuwa tayari. Lakini diski ile ni ndogo, na nilikusikia: "Papa, mashine ikichunga vyote itajaa, itasimama. Sawa muntu." Nikaweka mwezi mmoja. Yanayozidi, iyaache.

Kesho yake ikawa imezimika tena, ila safari hii iliacha neno. Sababu haikuiandika, mashine iliyokatiwa umeme ghafla haina muda wa kueleza. Iliacha mstari wa mwisho, na mstari huo, siku baada ya siku, ulikuwa wa saa tisa alasiri. Tukauliza nani yuko chumba cha nyuma saa tisa. Ni Mama Ngoie wa usafi, mwenye ufunguo, anachemsha maji ya kuoshea vyombo kwa jiko la umeme. Tukamkataza. Akabeba sufuria akatoka nje kwenye jiko la makaa, akisema ili kila mtu asikie: "Ni miye sasa ninaua mashine? Muzuri. Siku ingine mutasema niliua hata transformateur ya umeme." Alichemsha maji juani, moshi machoni, na mashine ikaendelea kufa saa tisa.

Siku moja ya Jumapili nilipitia kituoni moja kwa moja kutoka kanisani. Nikasoma mistari, nikaona mashine inasema niliingia wakati ambao nilikuwa bado naimba komunyo. Nilikaa pale nimeshika kofia. Kisha nikaelewa. Kioo cha mashine ile hakionyeshi saa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kugundua: ilikuwa inafuata saa ya Kinshasa, iliyo saa moja nyuma ya yetu. Ni wewe, Mama. Ulipoulizwa uko nchi gani ulichagua Kongo, ukapewa mji mkuu, ukasonga mbele. Kosa lako lile ndilo kitu pekee chako nilichokikuta humo ndani, na sikutaka kuligusa. Nililigusa. Nikaiweka saa ya Lubumbashi, na mistari yote ya nyuma ikasogea pamoja mahali pake.

Saa kumi, basi. Saa kumi wanawake wametoka mashambani na Papa Kitwa, jirani wa kituo, anawasha kinu chake cha mahindi. Kinu kikianza, umeme wa mtaa mzima unalegea. Tulipomwendea alisema, "Miye ninasaga unga, sisagi mashine ya bantu," lakini yeye mwenyewe alisaidia kuvuta waya wa kuhamishia kompyuta kwenye betri ya jua ya kituo. Haijazimika tena. Mama Ngoie alirudi na sufuria yake ndani bila kutusalimu. Nilimwomba radhi. Alinipa chai, ya moto sana.

Usiku wa kifo chako nilisema Kasungami ndiyo imekuua. Nilisema tungekuwa Lukafu ungeishi. Nimelisema hilo kwa kila mtu, hata kwa padri, hata kwa Mama Agnès aliyekesha nawe. Lile nalo nimelisogeza mahali pake, kama ile saa. Homa ile iliyokuchukua ingekukuta popote. Hapa angalau palikuwa na mtu wa kukushika mkono.

Juzi Kalenga alipiga: "Kamio iko inapakia. Unakuya, ao hapana?" Mashine ilikuwa imepona, sikuwa tena na kisingizio. Nikaufungua mfuko. Blanketi limeliwa na nondo. Ndani yake kuna jembe nililokuja nalo bila mpini, nikisema mpini nitautia kulekule Lukafu nikirudi. Nimeutia hapa, mti niliupata kwa Papa Kitwa. Kesho nitakuja nalo kaburini kwako, nipalilie, kisha nipande mahindi nyuma ya nyumba maana mvua imeshanukia.

Kwenye faili ile, juu ya mstari wa mwezi mmoja, nimeandika mstari wenye dièse, wa kusomwa na watu, ambao mashine haiusomi: Mwadi alianza kazi hii. Kila Jumapili nitapitia kituoni kuangalia kama imelala salama, na nikitoka huko nitakuja kukuambia.

Pumzika, Mama. Kalenga nimemwambia alime lile shamba, liwe lake. Lukafu sitarudi.

Papa yako