Mpaka Mwenzio Atoe Mkono

Komora, mume wangu mdogo,

Huku Garsen kikohozi kimeniachilia. Dadako Amina, anayeniandikia, amejifungua msichana.

Wauliza kama urudi, kwa kuwa mashine ya kukunja vyuma imefika huko mjengoni kuchukua kazi yenu ya mkono. Tulipojenga zahanati kule Ozi, babu yako alikunja kwa mkono, nami nikishika ncha. Huachii mpaka mkunjaji aseme. Siku moja mto ukafurika chuma kikiwa kimekunjwa nusu. Watu wakapiga kelele, "Wewe mama, kimbia!" Ningeachia, kingeruka kimpasue babu yako uso. Nikang'ang'ana, maji kiunoni, akakilegeza polepole mpaka akasema, "Achia!" Ndipo tukakimbia.

Usirudi, mjinga wewe! Jifunze mashine hiyo. Lakini yenyewe haijui kungoja. Ngoja wewe, usiiwashe mpaka mwenzio atoe mkono.

Nyanya yako