Malisho Yangu na Kiti Chako

Osterbrak, ukingoni mwa mto Elbe
Jumapili, 20 Septemba 1998

Mpendwa Henning,

Usithubutu tena kuniita "Bi Ohlendorf" mbele za watu, mimi niliyekupangusa kamasi! Hilo nimelitanguliza, maana likikaa tumboni litanitoa roho.

Sasa salamu. Hujambo, mjukuu wangu? Gudrun na watoto hawajambo? Mimi goti linaniuma mvua ikikaribia, lakini kuni bado napasua mwenyewe. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanalala kwenye nyasi. Wewe nilikuona Alhamisi pale ukumbini, umekonda, tai imekukaa shingoni kama kamba ya ndama.

Nije kwenye kikao chenyewe. Kijiji kizima tulikuja kusema hatutaki malisho yetu yageuzwe bonde la kumwagia maji ya mafuriko. Na nani kakaa mezani kwa niaba ya mkoa, na jina lake kwenye kibao? Mjukuu wangu! Nikasimama, nikasema malisho yangu siyatoi. Wewe ukatazama karatasi: "Asante, Bi Ohlendorf. Pingamizi lako limepokelewa." Limepokelewa, kama gunia la viazi.

Huko nje jirani yangu Gesche akanidaka mkono. "Mama, yule bwana mkubwa si Henning wa binti yako Antje? Yule aliyetumbukia shimo la samadi?" Nikamwambia macho yake yamezeeka. Tangu siku hiyo mkate nauoka nyumbani, kwa sababu dukani wataniuliza, na nikijibu kweli, nimekumaliza. Kwa hiyo nami umenifungia ndani.

Usiku ule ule ukanipigia simu, sauti chini kama mwizi. "Bibi, nielewe. Nikikubali bonde, nimekunyang'anya ardhi. Nikikataa, watasema nimempendelea bibi yangu. Na nikijitoa sasa, wataniuliza kwa nini nilinyamaza."

Na kwa nini ulinyamaza? Ramani ya kwanza ya bonde haikugusa ardhi yangu, hapo sikulaumu. Ilipobadilishwa ikayameza malisho yangu, ulipaswa kunyanyuka siku hiyo hiyo. Ukaona jina lako ni la baba yako, langu ni lingine, nani atajua? Na kiti cha mkuu wa idara kilikuwa karibu. Jela hiyo umejijengea mwenyewe, Henning, na ufunguo umeumeza.

Mimi sheria siijui. Shule niliiacha mapema nikaenda kukamua. Lakini hata kwenye maonyesho yetu ya ng'ombe, mwenye ndama hakai na waamuzi. Akikaa, hata ndama wake akiwa bora kweli, utepe wa ushindi unavuliwa na mashindano yanarudiwa. Wewe uliyefaulu mitihani miwili ya serikali ya sheria hukuliona hilo?

Nakumbuka siku ulipokula kiapo cha utumishi wa serikali wa maisha. Mama yako alilia kwa furaha, mimi nikaoka keki tatu. Wewe hukula. Ulitaka ofisi ndogo ya uwakili hapa jirani, yenye mlango wa barabarani, watu waingie na matope yao. Sote tukakuzomea: uache pensheni, wewe una kichaa? Wakakutoa wilayani, wakakupeleka wizarani, wakakurudisha mkoani, na kila ulipopanda barua zako zilifupika. Hata kucheka kwako sasa ni kwa zamu.

Kwa hiyo usinililie habari ya cheo. Malisho yakienda kwa haki, yaende. Nitalia siku moja, kisha nitawauza ng'ombe. Ila yasiende wala yasibaki kwa mkono wako.

Wasalimie Gudrun, Wiebke na Jörn mdogo. Mama yako naye anakusalimu, hajui lolote. Mungu akulinde, na mgongo wako aunyooshe.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, kabla hujavua koti, ingia kwa mkuu wako umwambie: "Theda Ohlendorf ni bibi yangu mzaa mama. Nilijua, nikanyamaza. Niondoeni." Usimtumie karatasi, msemee usoni. Usipofanya hivyo, kikao kijacho nitakaa mstari wa mbele na nitakuita kwa jina la utotoni mpaka waandishi wa gazeti waliandike. Ukishamaliza, panda treni uje, plamu zinaoza na mimi ngazi siwezi tena.

Akupendaye hata akikugombeza,
Bibi yako Theda

Kesho, nimesema. Nenda.