Stika ya kwaya na taa za baba mdogo

Shedrack, nimechoka mwanangu. Leo hata utani sina.

Lile gari jipya la baba mdogo Sefania, tulikuwa tunarudi nalo Same kutoka Gonja, giza linaingia. Yeye anaendesha, mimi namfundisha: "Baba, taa usiguse. Zinageuka zenyewe na kona. Gari likija, zinapunguza mwanga upande wake tu, kwingine unaendelea kuona."

Kona ya kwanza zikageuka kweli. Mzee anacheka.

Kona ya pili bodaboda huyo anakuja. Taa hazikupungua! FULL usoni! Jamaa akaziba macho, pikipiki ikaenda upande wa korongo. UPANDE WA KORONGO, Shedi! Ikanasa kwenye kichaka, pembeni kabisa.

Tukamvuta. Mzima.

Baba mdogo akanigeukia: "Si ulisema zina akili? Injinia wa kuishia mwaka wa pili!"

Nikaangalia kioo cha mbele. Stika ya kwaya yao kaibandika katikati, imeziba kamera ya taa! Kwenye kona taa zinafuata usukani, lakini inayoona gari linakuja ni ile kamera.

Nikataka kuibandua. Mzee akafoka: "Acha! Imeombewa pamoja na gari."

Yule wa bodaboda, matope mwili mzima, akasema taratibu, "Basi mzee niombee na mimi. Njia hii napita kila siku."

Baba mdogo akaibandua mwenyewe kwa kucha.

Mpaka Same, kila gari likija taa zinapungua zenyewe.