Nimelifuta Jina Lako, Kaka

Gatete, Rumonge
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mpendwa kaka yangu Lameki,

Amahoro. Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto wote hapo Kasulu. Afya zenu zikoje? Ule mguu ulioteguka pale ghalani umeshapona, au bado unachechemea na kusema si kitu? Nakujua, usifiche ugonjwa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Eliana ameingia darasa la nane na ameshanipita urefu. Presha ya Mama imetulia, ila hali vizuri, na sababu yake utaiona humu.

Barua hii naipitisha kwa Nasiri, yule muuza vitenge anayevuka mpaka kupitia Nyanza-Lac kila baada ya wiki mbili. Ningeweza kukupigia simu. Nimeishika mara tatu nikaiweka chini, kwa sababu nataka unisikie mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Kaka, ile parseli ya kujengea uliyokuwa unaisubiri haipo tena. Jina lako limeondolewa kwenye orodha, na aliyeliondoa ni mimi.

Unajua ziwa lilivyopanda mwezi wa nne. Mtaa wote wa chini, kuanzia wanapoanika samaki wa ndagala mpaka kwa mafundi wa mitumbwi, maji yaliingia majumbani, kuta za matofali mabichi zikalainika na kuanguka moja moja. Watu wakahamia kwenye madarasa ya shule yetu. Baadaye serikali ya komini ikatoa parseli arobaini huku juu kwenye michikichi, kwa waliobomokewa tu. Ikaundwa kamati. Pontiani, mzee wa kanisa letu, akawa mwenyekiti, mume wangu Isaka akawa mjumbe kwa kuwa ni shemasi, na mimi nikawekwa karani kwa ajili ya mwandiko wangu. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukaona kwa macho yetu, nikaandika katika daftari.

Namba thelathini na moja alikuwa Mama Kadidja. Wewe humjui. Ni mjane, Mwislamu, anakaanga samaki karibu na soko, na watoto wake wako Uvira. Nyumba yake haikubaki hata mlango.

Mwezi wa saba ukampigia Mama simu. Silaumu. Ulimwambia umechoka kukaa ugenini, na kwamba ukipata mahali pa kujenga utarudi. Mama alishinda siku mbili anaimba. Akamwendea Isaka, Isaka akamwendea Pontiani, mimi sikuambiwa kitu. Siku tuliyokaa kunakili orodha safi, Pontiani alisogeza karatasi mbele yangu akasema, "Kwa thelathini na moja andika Lameki Ndayisaba."

Nikamuuliza Kadidja anakwenda wapi.

"Yule iko na watoto Uvira, watamuchukua," akasema. "Kaka yako ni mwana wa hapa. Amekaa ukimbizini tangu utoto. Huyo naye hakubomokewa?"

Nilimtazama Isaka. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Nikaandika. Hilo sitaki kukuficha. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuona unashuka garini na watoto wako, Mama amekaa kwenye kiti anakungojea, na nikaliandika jina lako kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Kesho yake nilikwenda shuleni kuchukua vitabu. Kadidja alikuwa analala katika darasa langu, na nilimkuta anafagia. Tukasalimiana, kisha akauliza, "Mwalimu, wanasema orodha imeisha. Mimi niko ndani?"

"Uko ndani, Mama," nikamjibu.

Aliweka ufagio chini, akainua mikono akaniombea dua. Akamtaja Eliana kwa jina, akasema Mungu asimwonyeshe mwanangu maji yaliyomtoa yeye kwake. Nikaitikia amina. Nilitoka bila vile vitabu nilivyofuata.

Jumapili iliyofuata Isaka ndiye aliyeongoza maombi. Akasimama mbele akawaombea waliobomokewa, kwa sauti ile yake ambayo huwaliza watu. Sikuweza kufumba macho. Tulipofika nyumbani, hata kabla hajavua koti, nikamwambia siwezi kuisoma ile orodha mbele ya watu, hata kama ndiyo kazi ya karani.

"Lameki ni damu yako," akasema. "Kadidja ni nani kwako?"

"Ni mtu niliyemdanganya, Baba Eliana. Na wewe leo umemwombea."

"Sikuomba uongo. Niliomba Mungu awasaidie."

"Awasaidie kwa mkono wa nani, kama sisi ndio tunaowanyang'anya?"

Mama alikuwa ameyasikia yote. Akaja akasimama mlangoni, akaniambia, "Lameki nilimvusha ziwa hili akiwa na miezi minne, na mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa. Nimerudi na ninyi wote isipokuwa yeye. Ukilifuta jina hilo, na mimi unifute."

Kaka, nilimpenda Mama kwa maneno hayo, na niliyaogopa. Siku zilizobaki sikulala vizuri. Nilikuwa nikijiambia kwamba nikinyamaza, ndugu yangu anarudi, mama yangu anafurahi, mume wangu anabaki na heshima yake, na anayeumia ni mmoja tu. Halafu naingia shuleni, yule mmoja ananisalimu huku akifunga vyungu vyake kwa kamba tayari kuhama.

Orodha ilisomwa Jumanne ya tarehe tatu, kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa, pamoja na mjumbe aliyetumwa na komini. Nilipewa kipaza sauti. Nilisoma moja mpaka thelathini vizuri tu. Nilipofika pale nikasita, nikajua kwamba nikimeza mate nikaendelea, nitakuwa naendelea hivyo maisha yangu yote.

"Madamu, kuna nini?" yule mjumbe akauliza.

"Thelathini na moja ni jina la kaka yangu," nikasema. "Yuko Tanzania. Hana nyumba iliyoanguka hapa. Mwenye namba hii ni Kadidja, na daftari la kwanza ninalo. Jina la uongo nimeliandika mimi."

Pontiani akasimama, akasema kwa upole kwamba Madamu Marcelina amechoka, amechanganya karatasi. Mjumbe akauliza nani mwingine kwenye kamati anajua habari hii. Nilikuwa naangalia viatu vyangu, nikijua sasa nimebaki peke yangu na neno langu dhidi ya mzee wa kanisa.

Ndipo niliposikia benchi linasukumwa. Isaka alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Hazikuchanganywa," akasema. "Hilo jina nililipeleka mimi kwa mwenyekiti, na yeye akalikubali."

Usidhani baada ya hapo watu walitupigia makofi. Mjumbe alichukua karatasi zote, akasema orodha nzima itakaguliwa upya. Ikachukua wiki mbili, na watu walikuwa wameshafunga mizigo. Mama mmoja niliyesali naye miaka mingi aliniambia, "Umetuchelewesha kwa ajili ya roho yako safi." Watoto wake walikuwa wanakohoa kwenye sakafu ya darasa. Orodha ilirudi Jumatano iliyopita. Majina mengine mawili yameondolewa, na Kadidja yumo. Isaka amesimamishwa ushemasi, nami nimeondolewa ukarani. Pontiani bado anakaa kiti cha mbele kanisani. Mambo yalivyo ndivyo ninavyokuandikia.

Nilimwendea Kadidja kumwomba radhi. Hakuniacha nimalize.

"Uliniambia niko ndani."

"Nilikudanganya, Mama."

"Na dua yangu uliitikia amina."

Nikakubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini roho yangu bado. Uniache kwanza." Basi namsalimu kwa mbali, naye anaitikia.

Mama alikuwa mgumu zaidi. Tangu siku ile hakula chakula cha chungu changu. Alikuwa anapika peke yake kwenye mbabula yake ndogo ya makaa nje ya mlango, vijiko vitatu vya maharage, basi. Sisi wawili hakutusemesha. Na Isaka, ingawa alinisimamia mbele ya watu, nyumbani alinipa maneno ya lazima tu. Nilidhani ananichukia kwa kumvua heshima yake.

Jana nilirudi kutoka mkutano wa walimu nikakuta nusu ya mihogo nyuma ya jiko imeng'olewa, hata haijakomaa. Isaka alikuwa amepigilia vigingi vinne, anafunga kamba. Nikamuuliza anafanya nini.

"Hatua kumi na nane kwa kumi na mbili," akasema bila kugeuka. "Iko ndogo, lakini iko yetu. Hakuna wa kumwondoa. Mwandikie kaka yako."

Kisha akanyoosha mgongo, akasema, "Nilikuwa na haya, Mama Eliana. Sikuwa na hasira."

Tulikuwa bado tumesimama pale Mama alipotoka kwake. Akazunguka vigingi vyote vinne polepole, anavigusa kimoja kimoja kwa mguu. Akamgeukia Isaka akamuuliza, "Na mlango utatazama wapi?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwetu kwa siku kumi na nane. Isaka akanitazama mimi, lakini hilo ni la kujibu wewe.

Kaka, si parseli uliyoahidiwa. Ni ukingo wa uwanja wa dada yako, na jirani utakayemsikia akikoroma ni shemeji yako. Kama umenikasirikia, una haki, na hasira yako nitaipokea. Lakini mpigie Mama simu wewe mwenyewe. Mwambie unakuja au huji, ila usimwache akizunguka vile vigingi kila asubuhi.

Nisalimie wifi yangu, na Ayubu, na Agneta mdogo, mwambie shangazi yake hajasahau kwamba anadaiwa wimbo. Mzee wa kanisa lenu mpe heshima zangu. Isaka na Eliana wanakusalimu sana. Mama hakuniambia nikusalimu, lakini ameniuliza mara mbili leo kama barua imekwisha.

Mungu aliyekuvusha maji haya ukiwa mtoto mgongoni akufungulie njia ya kurudi, na akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo kama siku zote,

Marcelina