Eti Guruguru Ananyonya Mbuzi

Hinda abaayo, dada yangu, uko? Nimekasirika kweli.

Unamjua shemeji yangu Salah, yule anayejua kila kitu hapa Kotile. Wiki nzima mbuzi wetu mweupe anaamka hana maziwa. Salah akatangaza eti guruguru ndiye anamnyonya usiku. GURUGURU! Mjusi wa kula panzi na mchwa, mdomo mgumu kama bati, atanyonyaje?

Leo kaita majirani, kaja na jembe, kachimba kile kichuguu nyuma ya boma anamoishi guruguru. Guruguru akaingia kwenye ufa, akajijaza hewa, akakwama humo kabisa. Salah anavuta mkia, hatoki. Anampiga na panga, panga linateleza kwenye magamba. Jasho linamtoka, anapiga kelele, "Toka, mwizi wewe!"

Mwizi!

Sasa sikia. Tukiwa tumesimama hapo wote, yule mbuzi mweupe akapinda shingo, akainama, AKAJINYONYA MWENYEWE. Mbele ya watu. Walahi, mbele ya Salah!

Nikamwambia, "Shemeji, mwizi wako yule pale."

Unajua alisema nini? Alimwangalia mbuzi, akakuna ndevu, akasema, "Mmeona? Guruguru amemfundisha."

AMEMFUNDISHA, Hinda! Na majirani wakaitikia, "Kweli, kweli."

Sasa ameenda kuleta mafuta ya taa achome shimo.

Nimelikalia hilo shimo. Aanze na mimi.