Makame Wawili wa Jongowe

Babu Makame,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, kama nilivyokuwa nikifanya asubuhi ulipokuwa bado umelala na mimi natoka kwenda skuli.

Nakuandikia kwa sababu tumefanya jambo ambalo nadhani hukulitaka, na si vizuri mtu afanyiwe jambo lake bila kuambiwa.

Unaikumbuka siku ile uliponichukua uwanjani, wazee waliopigana vita vya Kagera walipoitwa kupewa nishani? Nilikuwa mdogo. Ulikuwa umenipigia viatu rangi mpaka vikang'aa kuliko vya mtu yeyote pale. Kila nikiinama uliniambia, "Kifua mbele, wee si mwizi." Majina yakasomwa. Kijana mwenye karatasi akaja akakunong'oneza kitu, nawe ukaitikia kwa kichwa. Halafu ukasema, "Jua kali hili, twende zetu." Ukaninunulia juisi ya miwa Darajani, ukanisimulia matope ya kule vitani njia nzima mpaka Ng'ambo. Sikukuuliza kwa nini hukuitwa. Unanijua, mimi si mtu wa kuuliza.

Sasa najua. Mwaka huu wazee wale wanaandikwa upya, walio hai na waliotangulia, na Bibi aliposikia akasema lazima jina lako liwemo. Akanichukua mimi kwa kuwa ndiye msomaji wa nyumba. Ofisi iko Mji Mkongwe, ghorofani, na ngazi zake zimesimama wima. Bibi alipumzika katikati akauliza, "Hii ofisi au mnara wa msikiti?" Afande aliyetupokea alikuwa dada mmoja mpole. Alilipata jina, akalisoma mara mbili.

"Bi mkubwa, jina lipo. Lakini huyu aliondoka kambini bila ruhusa. Ni mtoro."

"Mtoro nani? Makame? Mtu asiyechelewa hata sala ya alfajiri?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bi."

"Basi imeandikwa uongo. Mie si mjane wa mtoro, na sitakufa mjane wa mtoro."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini Bibi hakuinua sauti. Alikaa tu pale kitini, mkoba mapajani, akifikiri. Kisha akasema, "Huyo ni wa Bi Mize."

Ilibidi mimi nimweleze afande, na nilieleza vibaya, huku nikitazama meza. Jongowe mlikuwa Makame Khatibu Makame wawili. Kila mmoja alipewa jina la babu yake, na baba zenu nao walipewa majina ya babu zao, ndiyo maana kisiwani kwenu Tumbatu majina yale yale yanazunguka na hakuna anayeona tabu. Watu wakifanana majina, huitwa kwa mama. Wewe ulikuwa Makame wa Bi Mwanakombo, mwenzako Makame wa Bi Mize. Lakini jeshini hawaulizi mama. Mliandikishwa siku moja, kijiji kimoja, majina matatu sawa sawa. Karani akaona ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, akaunganisha faili mbili kuwa moja. Mtu huyo wa kwenye faili anaingia kambini, anafunzwa, halafu siku moja hayupo. Vita vyako havimo kabisa.

Cheti chako cha kuachiwa kiliharibika zamani, paa lilipovuja. Afande akasema basi apatikane shahidi aliyekuwa nanyi kambini.

"Yupo mmoja," alisema Bibi. "Lakini simpendi."

Tulikwenda Jongowe Jumamosi. Njia nzima nilikuwa nakariri nitakachosema, kwa sababu Bibi aliapa hatafungua mdomo. Nilitunga sentensi nzuri, yenye heshima. Mzee Makame, yule wa Bi Mize, tulimkuta uani akikaza kamba za kitanda. Alisimama, akaniangalia usoni, akasema, "Huyu wa Bi Mwanakombo huyu. Karibuni. Mshakula?"

"Tushakula, babu," nilidanganya. Alituletea muhogo na samaki hata hivyo.

Sentensi yangu ikapotea yote. Nilisema tu kwamba faili yako imechanganywa na yake, na kwamba kwenye karatasi wewe ndiye uliyekimbia. Aliweka kamba chini.

"Najua," alisema. "Babu yako alinambia, ile mara walipomrudisha bila nishani. Nikamwambia ntakwenda kujitaja. Akanikatalia. Akasema, 'Una watoto wadogo, watachekwa skuli. Mie watu wangu wananijua.'"

Sasa watoto wake ni wakubwa. Lakini mjukuu wake mmoja yuko jeshini, ameingia juzi tu, na huko ndiko asikotaka neno hilo lifike. Hilo alilisema bila kutuangalia. Nikamwambia tutaelewa akikataa. Bibi akanipiga jicho. Mzee Makame aliokota kamba yake, akaendelea kukaza, na mpaka tunaaga hakusema ndiyo wala hapana.

Babu, hapo ndipo nilipotaka kukuandikia mara ya kwanza. Wewe ulichagua kubeba kitu, na sisi tulikuwa tunakipeleka mlangoni kwa mwenyewe. Sikujua kama ungenikasirikia. Mpaka leo sijui.

Jumatatu tulimkuta ofisini kabla yetu, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Afande akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mie ndiye mtoro. Unifunge basi."

Afande alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Umechelewa kuripoti, mzee wangu."

"Nlikwenda kumzika mama. Nliomba ruhusa, wakanambia ngoja. Maiti hangoji. Baada ya maziko nkaona haya kurudi, na haya ikishakaa mwilini haitoki." Akaonesha kwa kidole jina lenu, moja kwa watu wawili. "Makame aliyekwenda vitani ni mwengine. Mama yake Bi Mwanakombo. Kamwandike."

Fomu haikuwa na nafasi ya mama. Afande aligeuza kalamu mkononi, kisha akaandika juu ya mstari, herufi ndogo: mama yake, Bi Mwanakombo. Nadhani ni mara ya kwanza jina lake kuingia ofisi yoyote. Mzee Makame alitia saini, akashuka ngazi taratibu. Bibi hakumshukuru.

Jana tuliitwa kuchukua nakala. Faili zimetenganishwa. Nilimsomea Bibi hapa uani akichambua mchele, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikikusomea wewe magazeti. Yako inasema ulitumikia mpaka vita vikaisha, ukaachiwa kwa heshima. Bibi aliifuta miwani yake, ingawa hakuwa ameivaa. Nilidhani atafurahi, au atalia. Akasema, "Na yake?"

Ya Mzee Makame nilikuwa nimeiona mezani kwa afande, nikaikumbuka. Aliondoka kambini bila ruhusa. Mtoro. Basi.

"Hawakuandika kwamba alikwenda kumzika mama?"

"Hapana, Bibi."

"Wala kwamba aliomba?"

"Hapana."

Aliendelea kuchambua mchele wake. Mimi nikakunja karatasi. Kisha akasema, "Basi bado ina makosa. Kesho twende tena."

"Bibi, ile si yetu."

"Yetu vipi isiwe? Kamvika mume wangu nguo safi, mie nimwache uchi? Vaa viatu vizuri."

Nimekwishavipiga rangi, kwa namna yako, kwa kitambaa na mate kidogo. Safari hii nitasema mimi mwenyewe, kifua mbele, na nitajaribu nisitazame meza. Kama hukutaka tuifungue faili ile, angalau ujue hatutaifunga tukiwa tumemwacha mwenzako ndani.

Mungu akupe pumziko. Bibi anakusalimu, anasema umekonda kwenye ile picha ya ukutani, na kwamba hakuwahi kukwambia.

Mjukuu wako, kitukuu cha Bi Mwanakombo