Mkono wa Kumimina Maji

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Amani ya Mola ikufikie hapo ulipo. Sisi tu wazima, ila goti langu hulalamika kila niinukapo katika sala. Wewe je, kile kifua kimepoa?

Yule mzee aliyetutawala miaka kumi na minane yu mahututi. Jana mwanawe alinijia msikitini, akaniambia, "Baba ameusia umwoshe wewe." Nikamuuliza kama anajua mimi ni ndugu wa nani. Akainamisha kichwa: "Ndiyo maana, Shehe." Sikukubali wala sikukataa. Nangoja neno lako.

Kwa kinyozi wamekwisha kumhukumu kabla hajakata roho. "Daraja katujengea nani?" auliza kinyozi. Muuza magazeti akamjibu, "Na jela je? Ilijijenga?"

Kaka yako

14 Februari

Kaka,

Shikamoo. Kifua kimepoa, ingawa kazini ni mvuke kutwa. Wewe waosha wafu, mimi nafua mashuka ya hoteli: ukoo wetu hauachani na maji.

Sasa nisikilize. Kwa karatasi moja niliyoichapa, alinifunga miaka tisa. Baba alipokufa niliomba saa moja tu nikamzike. Jibu lilirudi na saini yake mwenyewe: hapana. Nilipotoka nikakimbia nchi, na hadi leo kaburi silijui.

Ukimgusa mtu yule, usiniandikie tena.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia siku moja kabla hajafa. Nimekuasi mara mbili: nimemwosha, na nakuandikia.

Sikumwosha kwa ajili ya daraja. Juu ya kile kitanda sikumkuta mtawala. Nilikuta mtu asiyeweza kujisitiri. Yeye alikunyima saa moja. Ningemnyima maji, tungefanana. Mengine niliyoyaona ni amana, mwoshaji hayasemi.

Makaburini walinitaka nimshuhudie. Nikasema, "Daraja lake navuka kila siku, Mungu amlipe. Na kwa amri yake ndugu yangu hakumzika baba yetu. Msamaha wa hilo sina. Anao yeye, na yu mbali." Mwanawe alilia, lakini hakunikatiza.

Limebaki jambo moja. Kazi hii, wajua, ni ya watu wawili. Tangu walipokuchukua, wa kunimiminia maji hubadilika kila mara. Siku ile alimimina mwanawe, akayamwaga kwa pupa, nami nikajisahau nikamwambia, "Taratibu, Kidonge." Akadhani namtania. Nikageuka ukutani hadi nilipoweza kuendelea.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Miezi mitatu barua yako imekaa kwenye rafu, juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Naikunja, naikunjua. Wenzangu wananitania ati nimepata mchumba.

Sijamsamehe. Huenda nisimsamehe kabisa, na nakuomba usinihimize. Lakini miaka ishirini hakuna aliyeniita Kidonge, kaka, na jina langu ukampa mtoto wake! Hilo nitakudai uso kwa uso.

Nimekata tiketi. Nafika tarehe ishirini. Sitakuuliza ulichokiona. Nipeleke kwanza kwa baba.

Kisha, huyo anayekumiminia siku hizi, mwambie apumzike.

Mdogo wako,
Kidonge